Ndoa Hutazamwa Kutoka Ndani



Wapendwa Baba na Mama, leo tuzungumze juu ya wanandoa wanaofanya kazi pamoja. Nina maana ya wale wenye duka moja, shamba moja, kinu kimoja cha posho au karakana moja. Mume na mke wengi huonana jioni, kila mmoja akiwa na habari zake za mchana. Lakini hawa niliowataja huamka pamoja, hushinda pamoja na hurudi pamoja, na pesa ya nyumba na pesa ya kazi hukaa katika bahasha moja. Majirani huwaambia, "Ninyi mmebarikiwa." Ni kweli wamebarikiwa. Lakini baraka hiyo ina mlango wake wa nyuma, na shetani anaujua.

Naujua mlango huo kwa sababu nimepitia hapo mwenyewe.

Mimi ni katekista, lakini ukatekista haulipi karo. Riziki yetu hutoka katika kibanda cha vioo. Mimi hupima madirisha, hukata vioo kwa almasi na kuvipachika. Mke wangu hukanda pati, huipaka, husafisha vioo, hupokea wateja, hununua mali mjini na huandika hesabu. Ubao ulio mlangoni una jina moja tu, nalo ni langu. Kwa miaka mingi sikuona kasoro yoyote katika jambo hilo.

Kosa langu

Siku moja kigango kimoja cha parokia yetu kilitupa kazi nzuri. Kilitaka tutie vioo madirisha yote ya kanisa, na nyuma ya altare tuweke dirisha moja refu la vioo vya rangi. Tulipewa shilingi 18,000 kama malipo ya kwanza. Mke wangu aliandika kitabuni, akazifunga katika bahasha, akaiweka kabatini.

Jioni hiyo hiyo ndugu yangu mdogo akaja na shida ya deni. Aliniapia kwamba angerudisha katika wiki moja. Nikaenda kabatini nikatoa shilingi 10,000, nikampa. Sikumwambia mke wangu. Nilijiambia moyoni, "Ni wiki moja tu, kwa nini nimsumbue?" Ndugu wasomaji, maneno hayo yanafanana na hekima, lakini ni uongo uliovaa kanzu.

Wiki ilipita, kisha ya pili. Mke wangu akaenda mjini kuchukua vioo. Alifungua bahasha mbele ya muuza vioo na wateja wengine, akahesabu pesa mara ya kwanza, akahesabu tena. Zilikuwa shilingi 8,000. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na aibu ambayo haikuwa yake.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alikileta kitabu cha hesabu, akakiweka mezani mbele yangu, akasema kwa upole, "Baba watoto, kuanzia leo andika wewe. Mimi nimekuwa nikiandika uongo bila kujua."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na darasa la wachumba. Somo lilikuwa juu ya uwazi katika ndoa. Nilisimama mbele ya vijana wale nikafundisha yote yaliyomo katika daftari langu, lakini niliona haya kuinua macho. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilichokiona katika kitabu

Siku zile mke wangu aliendelea kupika, kulea watoto na kuja Misani, lakini kibandani hakukanyaga. Wateja walipokuja, mimi ndiye niliyetafuta vipimo vyao. Basi nikakifungua kile kitabu, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kukisoma kwa makini.

Haikuwa hesabu peke yake. Kando ya majina aliandika maneno madogo. Mahali pamoja: "Vioo viwili vya choo, amelipa nusu, mama yake mgonjwa, asidaiwe hadi mwisho wa mwezi." Mahali pengine: "Huyu apewe pati ya kuongezea, dirisha lake limepinda." Na mahali pengine: "Baba watoto alijikata kidole leo, kazi ya kesho iahirishwe." Miaka minne ya mwandiko wake! Nilidhani wateja hurudi kwetu kwa sababu mimi nakata kioo kikanyooka. Kumbe walirudi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyewakumbuka.

Ndani ya kitabu hicho alikuwa amehifadhi picha tulizopewa na Padre mmoja aliyesoma Ufaransa, ili zitusaidie kubuni lile dirisha la rangi. Ngoja niwaeleze picha hizo, maana Mungu alizitumia kunifundisha.

Familia ya vioo

Zilikuwa picha za Kanisa Kuu la Bikira Maria katika mji wa Chartres. Madirisha yake mengi ni ya kati ya mwaka 1200 na 1240 hivi, nayo yamejulikana duniani kote kwa rangi yake ya buluu. Chini ya baadhi ya madirisha wamechorwa watu wa kazi za kawaida wakiwa kazini. Utaona waokaji wa mikate, washona viatu na wauza ngozi za manyoya. Washona viatu wamo chini ya dirisha la Msamaria Mwema. Lakini mafundi waliokata vioo hivyo hawakuandika majina yao hapo. Kazi imekaa miaka 800, na mikono iliyoifanya inajulikana na Mungu.

Padre alitueleza pia habari za familia moja ya huko. Gabriel Loire alizaliwa mwaka 1904. Alijifunza kazi ya vioo Chartres, na mwaka 1946, akiwa mtu wa miaka arobaini na kitu kama mimi, alifungua karakana yake mwenyewe huko Lèves, karibu kabisa na mji huo. Alifariki mwaka 1996. Mwanawe Jacques aliishika kazi hiyo, na baada yake wajukuu, Bruno na Hervé. Vioo vya familia hiyo vimevuka bahari. Hata hapa Afrika, Kanisa Kuu la Waanglikana la Mtakatifu George mjini Cape Town lina dirisha lao kubwa.

Kazi yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ile ya kale. Fundi huchora mchoro mkubwa kama dirisha lenyewe, huchagua vioo vya rangi, hukata kila kipande kwa kadiri yake, na mistari ya uso na nguo huichora kwa rangi nyeusi na kuichoma katika tanuru. Kisha vipande hushikwa kwa vijiti vya risasi vyenye mfereji pande zote mbili, kioo hiki huku na kioo kile kule, na maungio hulehemiwa. Namna ya pili ndiyo iliyoipa karakana ya Loire sifa. Huchukuliwa mabamba mazito ya kioo, unene wake kama inchi moja. Huvunjwa kwa nyundo, hupangwa, na katikati yake humwagwa saruji. Pale nyundo ilipobanjua ukingo wa kioo, hapo ndipo mwanga hucheza zaidi.

Hebu fikirini, wapendwa. Dirisha moja linahitaji anayechora, anayechagua rangi, anayekata, anayelehemu na anayepachika. Anayeingia kanisani huuliza jina la mchoraji tu. Lakini toa mkono mmoja katika hiyo, na dirisha halitasimama.

Mambo matatu niliyojifunza

La kwanza: ndoa hutazamwa kutoka ndani.

Dirisha la vioo vya rangi, ukilitazama mchana ukiwa nje ya kanisa, ni giza tupu. Utaona mistari myeusi ya risasi na vumbi. Ukiingia ndani, dirisha lile lile linawaka kama bustani. Kioo hakikubadilika, ila wewe ndiwe uliyebadilisha mahali pa kusimama.

Wengi wetu huitazama ndoa yetu tukiwa nje. Mume huitazama akiwa kwenye meza ya pombe, mke huitazama akiwa kisimani na wenzake, au sote wawili huitazama kwa macho ya jamaa zetu. Na kutoka huko huonekana mistari myeusi tu: alinifanyia hivi, alinisema vile. Mimi nilimtazama mke wangu kutoka nje kwa miaka, ingawa tulishinda chini ya paa moja la mabati. Siku niliyofungua kitabu chake ndiyo siku niliyoingia ndani.

Sisemi mwenye kupigwa na kuumizwa afunge mlango avumilie. La hasha! Huyo na atafute msaada upesi, kwa Padre, kwa wazee, kwa serikali. Nasema juu yetu sisi tuliozoeana mpaka tumeacha kuonana.

La pili: kioo hakina mwanga wake.

Kata kioo kizuri namna gani, usiku kitakuwa cheusi. Kazi yake ni kuupitisha mwanga utokao kwingine. Ndivyo ilivyo Sakramenti ya Ndoa. Hatukuahidiana mbele ya altare kwamba tutakuwa jua. Tuliahidi kutouzuia mwanga wa Kristo usimfikie mwenzetu. Na kitu kinachouzuia si dhambi kubwa tu. Shilingi 10,000 zilizotolewa kimya kimya zilitosha kulitia giza dirisha letu lote.

Wapo watakaosema, "Lakini ulimsaidia ndugu yako, si tendo la huruma?" Kusaidia ndugu ni vizuri. Lakini nilitoa sadaka ya mfuko usio wangu peke yangu, na nilimtwisha mke wangu aibu ya kuilipia. Laiti ningemwuliza, pengine angesema, "Mpe nusu, tumwambie mwenyekiti wa kigango." Yeye ana akili hiyo. Sikumpa nafasi ya kuwa mwema pamoja nami.

La tatu: vioo vinavyodumu ni vile vinavyotengenezwa.

Msidhani madirisha ya Chartres yamefika miaka 800 kwa kuwa hayakuguswa na taabu. Risasi huchoka. Baada ya miaka mingi hulegea na kupasuka, na mafundi hulazimika kulishusha dirisha zima, kulifungua kipande kwa kipande, kulisafisha na kulitia risasi mpya. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, vioo vya kanisa lile viliondolewa vyote na kufichwa, kisha vikarudishwa baada ya vita. Dirisha lililoachwa bila kuguswa ndilo lililoanguka. Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi mume na mke wasione aibu kuishusha ndoa yao mezani, kuifungua na kuitengeneza, kwa kitubio, kwa mazungumzo na hata kwa machozi.

Na kama nyumba yenu imepigwa vibaya kupita ufa, nawapa habari moja zaidi ya familia ile. Mjini Berlin, Ujerumani, kulikuwa na kanisa lililobomolewa kwa mabomu mwaka 1943. Wajerumani walipojenga kanisa jipya ubavuni mwa gofu lile, waliwapelekea Wafaransa wa karakana ya Loire kazi ya vioo. Mataifa hayo mawili yalikuwa yamepigana vita vikali katika miaka ya karibuni tu! Karakana hiyo ilitengeneza vipande zaidi ya 20,000, vingi vya buluu, vikapangwa katika saruji kuzunguka kanisa zima, na kanisa hilo likawekwa wakfu mwaka 1961. Kuta zake ni mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yake zimewekwa taa. Kwa hiyo usiku ukifika, anayepita njiani huliona kanisa likiwaka. Gofu la zamani halikuondolewa. Liko pale pale, kando ya mwanga mpya. Msamaha haufuti yaliyotokea. Huwasha taa kando yake.

Tulivyorudi kazini

Nilimwomba mke wangu msamaha. Sikumwomba chumbani peke yake, bali mbele ya watoto wakubwa, kwa sababu walikuwa wameona kimya chetu wakaogopa. Tulienda wote wawili kwa mwenyekiti wa kigango tukamweleza ukweli. Alikasirika, na alikuwa na haki. Tuliuza mbuzi wawili tukajazia pesa. Ndugu yangu mpaka leo amerudisha nusu tu, na bado nampenda.

Nilimwambia mke wangu kwamba nitamwita mchora mabango aandike jina lake ubaoni pamoja na langu. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, akasema, "Baba watoto, ubao haulipi karo. Nataka kitu kimoja. Pesa isitoke kabatini bila sisi wawili kujua." Nikakubali. Kila Jumamosi jioni, kabla ya sala ya familia, tunafungua kitabu pamoja. Kuna Jumamosi tunazobishana. Imani iliyovunjika hairudi kama kioo kipya kutoka mjini. Inarudi kipande kwa kipande, na vidole hukatika.

Dirisha la kigango tulilimaliza. Risasi ya kazi ile hatukuwa nayo, basi fundi wa kuchomelea alitutengenezea fremu nyembamba za chuma, tukapanga vioo vya buluu na vyekundu kuuzunguka msalaba. Siku ya kulipachika, mimi nilikuwa nje juu ya ngazi, yeye ndani akinielekeza. Kutoka nje niliona chuma na kioo cheusi, nikavunjika moyo. Nikamwambia, "Mama, tumeharibu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shuka. Njoo ndani uone."

Rangi ilikuwa imelala sakafuni hadi miguuni pake.

Akila na Priskila

Wapendwa, Maandiko Matakatifu yanatupa wanandoa waliokuwa na kazi moja. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunasoma habari za Akila na Priskila, watengenezaji wa mahema. Mtume Paulo alikaa nyumbani kwao akafanya kazi pamoja nao. Nyumba yao ikawa mahali pa kukutania Wakristo. Na anapowasalimu katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, Paulo anamtaja mke kwanza, kisha mume, na anawaita wote wawili wafanyakazi wenzake. Paulo alikuwa ameketi karakanani mwao, akishona pamoja nao. Alijua mikono ya nani ilifanya nini.

Wewe mume, je, unajua? Wewe mke, je, unajua?

Jumamosi hii, watoto wakishalala, ketini wawili mjiulize:

1. Ni kazi gani anayoifanya mwenzangu ambayo sijawahi kumshukuru?

2. Je, kuna pesa, deni au ahadi ambayo mwenzangu haijui? Ninaogopa nini kumwambia?

3. Ninapoisema ndoa yetu kwa watu, huwa nimesimama ndani au nje?

Msijibu yote kwa usiku mmoja. Anzeni na moja, na anayesikiliza asimkatize anayesema.

Tuombe: Ee Yesu, uliyekuwa fundi katika nyumba ya Yosefu na Maria, unaijua kazi ya mikono na unazijua siri za kabati zetu. Utupe ujasiri wa kuzifungua. Utusafishe vumbi, utushike pale tulipolegea, na upitishe mwanga wako ndani yetu ili watoto wetu wauone. Amina.